Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga

YAH: MAELEKEZO KWA TUNAOUGUZA WALIOUMIA UBONGO

Mheshimiwa Daktari,

Siku mgonjwa aliyeumia kichwa anapopewa ruhusa, maelekezo hupewa mwanamume aliyekuja kulipa bili. Mara nyingi ni mjomba au kaka. Yeye anasaini, yeye anapokea bahasha ya picha za kichwa, na jioni anarudi zake Korogwe au Dar. Anayebaki na mgonjwa usiku ni mama, mke au dada, ambaye hakuwepo daktari alipokuwa akieleza.

Namuuguza mwanangu, aliyeanguka na bodaboda njia ya Pongwe, bila kofia ngumu. Karatasi aliyotoka nayo hospitali imeandikwa Kiingereza kitupu. (Hospitali siitaji, wauguzi wake walihangaika naye usiku na mchana.) Kwenye pakiti za dawa waliandika 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, na hilo tunalijua sote. Ambalo pakiti haikusema ni kwamba dawa ya kifafa haikatizwi ghafla bila daktari kusema, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Huku Makorora watu huiacha kwa nia njema kabisa: haanguki tena, za nini kumchosha na vidonge?

Lakini kilichotutesa kuliko vyote ni tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomsaidia mtu kujizuia na kupima maneno. Ikiumia, kijana mpole anaweza kuwatukana wakubwa, kucheka msibani, kuwaka hasira kwa sababu ya kijiko, au kukaa kutwa nzima bila hamu ya lolote. Mkono uliopooza kila mtu anauona na majirani wanakuja kukupa pole. Matusi nani atayaita ugonjwa? Kwetu ilisemwa ni jini, ikasemwa ni bangi, ikasemwa mama hakulea. Kisomo kilisomwa na kombe likanywewa, na mimi sina ugomvi na dua. Ila siku ya ruhusa hakuna aliyetuambia kwamba huyu anaweza kubadilika tabia, na kwamba ni jeraha linalomfanya hivyo. Mkewe amerudi kwao Muheza akiamini alikuwa akitukanwa kwa makusudi.

Mengine ni mafupi na yangeenea ukurasa mmoja. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, asije akapata vidonda. Anayepaliwa na uji alishwe ameketi wima, kwa kuwa chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Kifafa kikimshika alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko mdomoni. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena na tena, akiwa na usingizi usio wa kawaida, au maji yakimtoka puani au masikioni baada ya kuumia, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Na tuambiwe kwamba damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kujionyesha wiki kadhaa baadaye, hasa kwa wazee.

Ombi langu, Daktari, ni kwamba ruhusa isitolewe mpaka aitwe yule atakayelala na mgonjwa. Aelezwe kwa Kiswahili, kisha yeye amweleze muuguzi alivyoelewa, na amgeuze mgonjwa mbele yake. Kuulizwa tu "mmeelewa?" hakutoshi, mbele ya koti jeupe sisi hujibu ndiyo. Apewe karatasi ya Kiswahili yenye herufi kubwa na namba ya simu inayopokelewa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apate taarifa, maana huyo ndiye anayefika mlangoni kwetu.

Mkishaiandika hiyo karatasi, kabla haijachapwa tuleteeni sisi tunaouguza huku Makorora na Mikanjuni. Tutaisoma kwa sauti, tuwaonyeshe palipotushinda.

Wako,
Mama wa mgonjwa,
Makorora, Tanga