Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa Tanga: acheni kukata cheni

Wanangu,

Nawasalimu kwa upendo, ingawa ninaandika nikiwa nimekasirika. Wiki iliyopita, nikiwa nimekaa barazani Ngamiani baada ya swala ya alasiri, nilimwona mwenzenu mmoja akimpelekea fundi wa kando ya barabara pikipiki ambayo cheni yake ilikuwa imelegea hata ikawa inagonga vyuma, na boliti za kukazia zilikuwa zimekwisha kufika mwisho. Fundi hakuuliza neno. Alitwaa nyundo na msumari, akang'oa pingili mbili, ya ndani na ya nje, akaunga, akapokea ujira wake. Kijana aliondoka akichekelea kwamba ameokoa fedha. Siku ya tatu cheni ile ilikatika kwenye barabara ya Pangani, naye amempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Ikajikunja kwenye sproketi ya mbele, yaani lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, na kasha la injini likapasuka. Walitoka na michubuko tu, alhamdulillah, ila gharama ya kasha lile ingenunua cheni kadhaa.

Nimeshika spana tangu ujana wangu, na hakuna kazi ya ufundi inayoniudhi kama hii ya kukata cheni. Cheni ya chuma haivutiki kama mpira wa manati. Kinacholika ni pini na bushi, yaani vibomba vinavyoizunguka pini, zilizomo ndani ya kila pingili, na kwa kuwa pingili ni zaidi ya mia moja, ulaji mdogo wa kila moja hujumlika ukawa ulegevu mnaouona. Ukiondoa pingili mbili, zile zilizobaki bado zimelika vilevile: nafasi kati ya pini na pini haiwiani tena na meno ya sproketi, cheni inapanda juu ya meno badala ya kukaa chini, na meno yanazidi kuchongoka. Umefupisha kamba iliyooza, mwanangu, hukuiponya.

Pimeni basi, msikisie. Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu hutumia cheni namba 428, na namba hiyo imegongwa ubavuni mwa pingili. Nafasi ya pini hadi pini katika cheni hiyo ni milimita 12.7. Inyoosheni vizuri, hesabuni pini 21, mpime kwa rula ya chuma kutoka katikati ya ile ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho. Cheni mpya itasoma milimita 254. Ikifika 259, yaani imeongezeka kwa takribani asilimia mbili, muda wake umekwisha. Pimeni mahali patatu, kwa maana cheni hailiki sawasawa. Asiye na rula aivute cheni kwa vidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno hata nusu ya jino ikaonekana, asibishane nayo.

Meno yaliyolala upande mmoja kama pezi la papa, pingili zinazokataa kukunjika na kutu iliyoingia ndani ni dalili za kutosha hata bila kipimo.

Na mkibadilisha, badilisheni vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Ile ndogo ya mbele huzunguka karibu mara tatu kila ya nyuma inapozunguka mara moja, kwa hiyo huwahi kuisha, nayo ndiyo mnayoisahau kwa sababu imefichwa na kifuniko. Cheni mpya juu ya meno mabovu italiwa upesi.

Najua mtaniambia kwamba pikipiki ni ya tajiri. Hapo nawageukia nyinyi wenye pikipiki: mnadai hesabu kila jioni bila kukosa, lakini kijana akitaja cheni mnamwambia akaze kwanza. Akaze nini, na boliti zimefika mwisho? Chombo kinachowaletea riziki kinadai haki yake, na roho za watu ziko juu yake.

Mengine nayataja tu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, hivyo pakeni oili ya gia mara kwa mara baada ya kufuta mchanga, wala msimimine oili chafu ya injini. Cheni iachieni ulegevu wa takribani milimita 25, au kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza, kwa sababu cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi. Klipu ya kiungio iwekeni upande uliozibwa ukitangulia kule cheni inakokwenda.

Rula yangu ya chuma ipo barazani. Njooni asubuhi kabla hamjaanza kupakia abiria, nitawapimia bila malipo.

Mzee wenu, fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga