Mwanangu, isome kwanza hiyo karatasi

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Hatujambo, presha ya mama yako imeshuka. Dada yako kanieleza kwamba Jumamosi unatia sahihi ubia na rafiki yako, biashara ya kusafirisha magari yaliyotumika, na kwamba hesabu zote atashika yeye kwa kuwa ni mtu wa kuaminika. Tangu juzi usingizi umenipaa. Na kwa nini nisikie kwa dada yako?

Ile picha uliyonitumia, umesimama mbele ya kaburi la Jenerali Grant hapo New York, nimeiweka sebuleni, kila mgeni naionyesha. Habari za huyo mzee nimezifundisha miaka mingi, ila darasani tuliishia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wewe nakutaka ujue alivyomalizia.

Siku Lee, jenerali wa upande wa Kusini, aliposalimu amri kwa Grant huko Appomattox, Virginia, tarehe 9 Aprili 1865, masharti Grant aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Lee, aliyeshindwa, akatoa miwani, akaifuta, akasoma polepole mpaka akaona pana neno limerukwa. Akasema. Grant hakuona ametukanwa. Watu waliokuwa wakiuana miaka mingi, na karatasi ilisomwa! Huyo rafiki yako atakasirikaje ukimwomba siku mbili za kusoma?

Sasa mtu huyohuyo, akiwa ameshatoka urais wa Marekani mwaka 1877, mwanawe akaingia ubia na kijana wa Wall Street, mtaa wa wafanyabiashara wa fedha New York, Ferdinand Ward, na mzee naye akaingia. Ward akileta karatasi, mzee anatia sahihi bila kusoma. Mei 1884 Ward akaja kusema benki inayumba, zinatakiwa dola 150,000 haraka. Jumapili hiyo mzee akaenda kuzikopa kwa tajiri Vanderbilt, kwa jina lake. Jumanne kila kitu kikaanguka. Kumbe faida waliyokuwa wakigawana ni fedha za watu wengine, na dhamana moja Ward aliiweka kwenye mikopo zaidi ya mmoja. Grant akatoa hata panga zake za heshima kulipa deni. Saratani ya koo ikamkuta hivyo, akawa anaandika kumbukumbu zake huku hawezi kumeza vizuri, ili mkewe asibaki na njaa. Alizimaliza Julai 1885, siku chache kabla ya kufa.

Ward alifungwa. Lakini sahihi zilikuwa za Grant.

Shamba la Pongwe unajua lilivyokwenda. Usichojua ni kwamba ile karatasi ya udhamini niliitia sahihi nikiwa nimesimama mlangoni pa mtu, miwani nimeiacha nyumbani, nikaona haya kumwambia anisubiri. Mama yako nilimwambia niliisoma. Bado anaamini hivyo.

Sikatai biashara. Una akili ya hesabu kunishinda, na tangu umeanza kazi hujatuacha tukose kitu. Ila tangu utotoni ukimpenda mtu humuulizi swali. Muulize. Akaunti inafunguliwa kwa jina la nani? Sahihi ngapi zinatakiwa kutoa fedha? Magari yakizuiliwa bandarini, deni ni la nani? Akikujibu "usijali", basi Jumamosi usiende.

Bati ulizotuma pesa zake zimefika, fundi ameezeka upande wa jikoni, upande wa chumba chako anasubiri misumari. Yule mbuzi mweupe kazaa mapacha. Shangazi yako anauliza kama dawa ya magoti inapatikana huko, mjibu mwenyewe, mimi ananisumbua.

Mkataba huo upige picha, kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo, utume kwenye simu ya dada yako kabla ya Ijumaa. Miwani mpya ninayo.

Baba yako