Gemu ya laki na sabini na tano hapa Mtwara anainunua nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba vijana wanaocheza gemu za kukopi ni wezi kama wezi wengine, wakamatwe na vibanda vyao vifungwe. Mi nina kibanda cha gemu hapa Majengo, Mtwara mjini, pleisteshen na kompyuta kadhaa, na mchana natengeneza kompyuta za watu, kwahiyo hayo mambo aliyoyaandika nayaona kila siku na yameniuma kwa kweli, maana nusu ya aliyosema ni kweli na nusu nyingine hajaigusa kabisa.

Ukweli wake ni huu, gemu ni kazi ya mtu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo na vitabu, na mwenye kukopi na kuuza anavunja sheria, hilo halina mjadala. Ila yeye kaishia hapo hapo, hajauliza hiyo gemu inauzwa bei gani, na hajauliza huyu kijana wa Mtwara akitaka kuinunua kihalali aende wapi.

Tuanze na bei. Zile gemu kubwa za kampuni kubwa zilikaa kwenye dola 60 kwa miaka mingi, tangu enzi za Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, halafu mwaka 2020 pleisteshen 5 ilipotoka zikaanza kwenda dola 70, na mwaka 2025 Nintendo wakatoa Mario Kart World kwa dola 80. Microsoft nao walitangaza dola 80 kwa The Outer Worlds 2, wachezaji wakapiga kelele wakairudisha 70. Sasa chukua hiyo 70 tu, dola tuiweke shilingi 2,500 kwa kukadiria, hiyo ni 175,000. Serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wake kutoka 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai 2025, yani mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini gemu moja inakula zaidi ya theluthi ya mshahara wake wa mwezi, na huyo ndo mwenye ajira ya uhakika, bado hatujamfikia dogo wa bodaboda wala anayebeba magunia msimu wa korosho. Msimu wa 2024 korosho ilifika zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo mnadani na watu wa Tandahimba na Newala walishangilia kwa haki kabisa, lakini hata kwa bei ile nzuri gemu moja ni kilo arobaini na kitu za korosho, kabla ya makato.

Marekani kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na wenyewe wanalalamika ni kidogo. Lakini anayelipwa hicho hicho akifanya kazi saa kumi anaipata hiyo gemu. Saa kumi! Huyu wetu wa laki tano ni siku kama kumi na moja za mwezi. Bidhaa ile ile, bei ile ile, ila mmoja anatoa jasho la siku moja na mwingine la wiki na nusu.

Sisemi kwamba watengenezaji wanatuibia, hapana, na wanaosema hivyo nao wanakosea. Dola 60 za mwaka 2006 kwa pesa ya leo ni zaidi ya dola 90, kwahiyo kwa Mmarekani gemu imeshuka bei ukiangalia vizuri. Na kuitengeneza kumekuwa ghali vibaya mno, nyaraka za mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220, na hiyo ni mishahara ya watu, wachoraji, waandika programu, waigizaji, watu wa sauti. Hela hiyo lazima irudi. Mi hoja yangu ni kwamba bei imepigwa kwa kuangalia mfuko wa Mmarekani halafu ikaletwa hivyo hivyo Mtwara.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kupunguza. Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, lina bei za nchi na nchi. Afrika Kusini wana bei yao kwa randi. Mwaka 2023 wakatengeneza bei maalum za dola kwa kundi la nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Misri imo, Moroko imo, Uturuki imo, na mtengenezaji anashauriwa kabisa huko aweke bei iliyo chini. Nchi za Asia Kusini nazo zina ya kwao. Tanzania? Tunaona bei ya Marekani, dola kwa dola. Hivi kweli mtu wa Casablanca kule Moroko ana kipato kidogo kuliko mtu wa Nanyamba huku Mtwara? Hapo sijaelewa na sidhani kama kuna mtu ofisini kwao amewahi kukaa akafikiria, nadhani hatupo kwenye hesabu zao tu.

Alafu kuna hili la pili ambalo ndugu yetu hakuligusa kabisa, kwamba hata ukiwa nazo hizo hela unaweza usiuziwe. Ukifungua akaunti ya pleisteshen, kwenye orodha ya nchi Tanzania haipo, kwahiyo vijana wanajiandikisha kama watu wa Afrika Kusini au Uingereza, wanadanganya anuani ili waweze kulipa. Kulipa jamani, sio kuiba! Mwezi Mei 2024 Sony, wenye pleisteshen, walitaka kila mchezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya pleisteshen, na gemu ikaondolewa dukani kwenye nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo, na sisi tukiwemo. Yani wakati ule mtu alikuwa na kadi yake ya mtandaoni ya M-Pesa, ina salio, anataka kulipa, akaambiwa haipatikani kwenu. Lakini kopi yoyote ya gemu yoyote mtaani inapatikana muda wowote, na muuzaji hakuulizi unatoka nchi gani.

Gabe Newell, mwenye Steam, alishasema tangu 2011 kwamba kukopi mara nyingi ni tatizo la huduma zaidi ya bei. Mi naona kwa huku kwetu ni vyote viwili, lakini huduma kweli ndo inaanza.

Maana hata baada ya kununua kuna kudaunilodi. Gemu kubwa siku hizi inavuka GB 100. Hata kama umepata bando la GB moja kwa buku, hiyo ni laki moja nyingine juu ya bei ya gemu, na bado kila baada ya wiki kadhaa inakuja apudeti ya GB kadhaa. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika intaneti ikazorota nchi nzima, wenye gemu zinazotaka intaneti muda wote wakakaa wanaangalia skrini na hela yao walishalipa. Ndo maana huku kusini diski bado ni mali. Diski orijino ya mtumba inatoka Dar na basi, imefungwa kwenye bahasha na kuandikwa namba ya simu kwa makapeni, inachezwa Majengo, mwenyewe akiichoka anamuuzia wa Mikindani, wa Mikindani anabadilishana na wa Lindi, na vijana wanne watano wanachanga wananunua moja. Barabara ikikatika kule Somanga kama ilivyokatika wakati wa kimbunga Hidaya tunasubiri, ila ikifika imefika, haihitaji bando. Huu ni mfumo halali kabisa, diski imelipiwa dukani huko ilikotoka, na ndo unaomwezesha mtu wa hali ya chini kucheza kitu orijino. Sasa kampuni zenyewe zinauua. Pleisteshen 5 Pro iliyotoka Novemba 2024 haina sehemu ya diski mpaka ununue pembeni, na Switch 2 ya Nintendo ina kadi zingine ambazo ndani hamna gemu, kuna ufunguo tu, gemu unaidaunilodi. Wakimaliza kuua diski watashangaa kwanini Mtwara hamna mtu anayenunua.

Baada ya kusema yote hayo, sitetei kukraki, yani kuvunja kufuli la gemu ili ichezwe bila kulipiwa. Na hapa nawaambia vijana wenzangu moja kwa moja. Kompyuta nyingi zinazoletwa mezani kwangu zimekufa sababu ya gemu za kukraki, mtu anaambiwa zima antivairasi ndo ifunguke, anazima, anaingiza fleshi, na humo ndani kuna mdudu. Kuna dada mmoja mwalimu aliniletea laptopu, mdogo wake alikuwa ameweka gemu ya mpira ya kukraki, mafaili yote yamefungwa na majina yake yamebadilishwa, mitihani aliyotunga, picha za harusi, kila folda ina karatasi ya kudai hela kwa dola. Nilifungua folda moja moja mbele yake nikitafuta hata picha moja iliyobaki nzima, hamna. Gemu yenyewe ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, madogo walikuwa wanacheza.

Na kuna kukopi kitu cha mtengenezaji mdogo, hiyo mi naikataa kwa nguvu zote. Septemba 2025 ilitoka Hollow Knight: Silksong, imetengenezwa na timu ndogo ya Adelaide, Australia, wakaiweka dola 20, kama 50,000 yetu, na watu walivyoikimbilia siku ile Steam ikazidiwa kwa muda. Kwetu bado ni hela, ila ni hela ambayo kijana anaweza kuiweka kidogo kidogo akaifikia. Mtu ametoa jasho miaka na amekuhurumia kwenye bei, wewe unaenda kuikraki ya nini? Kiro'o Games wa Kameruni walitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya Kiafrika iliyotengenezwa Afrika, na wale umeme unakatika kwao kama kwetu. Wakitokea vijana wa hapa kesho wakatengeneza gemu ya kwao tukaigawana kwa fleshi siku ya kwanza, tutakuwa tumewazika kama tulivyowafanyia watu wa Bongo Movie, mpaka stika za TRA kwenye CD hazikuwaokoa.

Poland walikuwa kama sisi. Miaka ya 90 gemu za kukopi zilijaa masokoni, na kampuni ya CD Projekt ikaanza kwenye hali hiyo hiyo. Mwaka 1999 walileta gemu ya Baldur's Gate, wakaitafsiri Kipolandi chote, wakaweka sauti za waigizaji ambao watu wa kule wanawajua, ndani ya boksi ramani na kitabu. Kopi ya mtaani ilikuwa rahisi zaidi, na bado watu walinunua ile orijino, kwasababu mtu alikuja kwao kwa lugha yao akawathamini kama wateja. Kampuni ile ndo iliyokuja kutengeneza gemu za The Witcher, na duka la GOG walilolianzisha mpaka leo linauza gemu bila kufuli lolote la kuzuia kukopi. Hawakuanza na polisi.

Sasa vibanda, maana ndiko alikotaka tukamatwe. Kijana hapa analipa jero anacheza mechi, ananyanyuka anampisha mwingine. Hivyo ndivyo watu wa kipato chetu wanavyoweza kucheza gemu ya laki na sabini na tano, kwa kuigawana. Lakini hata mimi ninayenunua diski orijino, masharti ya gemu yanasema ni ya matumizi ya nyumbani, na nikitaka leseni ya biashara ya kibanda cha pleisteshen hapa Tanzania sijui hata barua naipeleka wapi. Korea Kusini wana vibanda vya kompyuta kila kona, wanaviita PC bang, na kampuni za gemu zinawatoza wenye vibanda kwa saa ambazo mteja amecheza. Kampuni inapata chake, mwenye kibanda anapata chake, mteja analipa kidogo, na hamna mwizi hapo. Kwenye kompyuta Steam wenyewe wana mpango wa vibanda, kwahiyo wanajua vipo.

Ombi langu Mhariri ni kwa COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, na najua wanasoma gazeti hili. Kabla ya msako waje Mtwara na Lindi watuite wenye vibanda, tukae, watusaidie kuwaandikia hao wenye gemu kwa jina la nchi, tuombe leseni ya kulipa kwa saa na bei ya shilingi kama Afrika Kusini walivyo na ya randi. Mi niko tayari kulipa sehemu ya kila jero inayoingia, na wenzangu kadhaa wa Chikongola na Magomeni tumeshaongea wako tayari pia. Watuambie tu tulipe wapi.

Mwenye kibanda cha gemu,
Majengo, Mtwara