Mama, hatukukuuzia udongo mweusi

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja kaweka status WhatsApp, picha ya waridi zake zimekauka kama zimepitiwa na moto, chini kaandika "muwe makini na wauza samadi wa njia ya Mkolani, wanauza udongo mweusi". Jina hakutaja, ila wauza samadi wa njia ya Mkolani hapa Mwanza tuko wangapi jamani? Kabla sijamaliza chai watu watatu walishanitumia ile picha. Mdogo wangu akataka tumjibu palepale, mi nkamwambia tulia, chukua boda twende Buhongwa tukaone kwa macho.

Tukamkuta mama yuko barazani. Tumeamkia, tumepewa viti, alafu ndo maneno yakaanza. Alichukua kwetu viroba vinne, elfu saba kila kimoja, akapandia waridi 12 kwenye ndoo. Wiki ya kwanza anaangalia, wiki ya pili anaangalia, majani yaleyale. Jirani akamwambia we unapoteza hela, weka urea, ile mbolea nyeupe ya dukani, uone. Akaenda akapimiwa kilo moja, akarudi akaigawa yote kwenye zile ndoo 12, kiganja kimejaa kila ndoo, pale pale kwenye shina, na siku hiyo maji yalikuwa yamekatika kwahiyo hakumwagilia. Siku ya tatu kingo za majani zikaanza kuwa kahawia. Siku ya sita ndo hiyo status.

Nikaokota kizibo cha soda pale uani nikamwonesha. Sisi tunaopima mbolea hiki ndo kijiko chetu, kizibo kimoja kina kama gramu 5. Kilo moja kwa ndoo 12 ni zaidi ya gramu 80 kila ndoo, yaani vizibo 16. Mi kwenye ndoo ya lita 20 naweka nusu kizibo, alafu nakaa mwezi mzima ndo naweka tena.

Watu wanasema mbolea ya dukani "imeunguza" mmea wanadhani ina moto. Haina moto. Tunaiita mbolea ya chumvichumvi, na tabia yake ni hiyo hiyo ya chumvi. Nenda Mwaloni pale Kirumba uangalie wanavyotengeneza kayabo, sangara anapasuliwa anatiwa chumvi, baada ya muda maji yenyewe yanachuruzika yanamtoka. Sasa mzizi ukizungukwa na mbolea nyingi kwenye udongo mkavu, maji badala ya kuingia kwenye mzizi yanatoka. Waridi inakufa na kiu hata kama ukija kumwagilia kesho yake. Dawa ni moja tu na inabidi uwahi, unamwagilia maji mengi mpaka yatoke chini ya ndoo, unasubiri, unarudia tena na tena, mbolea isombwe. Tulifanya hivyo siku ileile kwa ndoo zilizokuwa na dalili ya uhai. Kati ya 12 zimepona tano.

Ila na sisi tuna kosa letu, nilimwambia mama na naliandika hapa. Kijana aliyemhudumia hakumwambia kwamba samadi haionekani ndani ya wiki mbili. Chakula kilichomo kwenye samadi mmea hauwezi kukila kikiwa vile kilivyo, mpaka wadudu wadogo wa kwenye udongo wakivunjevunje, na hao wanataka joto, unyevu na muda. Urea yenyewe siku chache tu umeona kijani. Mtu asipoambiwa hivyo lazima aone ameibiwa.

Na kama unataka kulinganisha kwa naitrojeni tupu, kile chakula cha majani, basi sisi tumeshindwa kabla hatujaanza, sifichi. Mfuko wa urea una namba 46-0-0 maana yake kila kilo 100 zina kilo 46 za naitrojeni (namba ya pili ni ya fosforasi, ya tatu potasiamu). DAP ni 18-46-0, hiyo ni ya kupandia, ina fosforasi nyingi ya kusukuma mizizi. Kuna NPK 17-17-17, hii ndo nawashauri wenye maua kwa sababu haiegemei upande mmoja. Samadi ya ng'ombe iliyoiva na kukauka ina naitrojeni kama asilimia moja hivi, ikizidi sana mbili, inategemea ng'ombe kala nini. Kwahiyo kiroba kizima cha kilo 50 ni kama kilo moja tu ya urea! Mteja akijua hiyo hesabu ananiuliza sasa anko, si bora ninunue hiyo kilo moja?

Hapo ndo nataka watu wanielewe. Angalia udongo wetu. Mwanza tumekaa juu ya mawe, na mawe yakimomonyoka yanakupa mchanga, ile Wasukuma wanaita luseni. Luseni haishiki maji wala haishiki mbolea. Weka urea leo, ipige mvua ya vuli kesho, yote imeshuka chini kwenye mizizi haifiki, au imeteremka na mtaro mpaka mto Mirongo na Mirongo unaipeleka ziwani, tukawalishe magugu maji. Ukiwa na nyumba bondeni kwenye mbuga nyeusi hadithi ni nyingine, ule udongo unashika. Ila kwa wa milimani, Isamilo, Bugando, Mabatini kule, bila samadi unamwaga hela kwenye mchanga. Kazi kubwa ya samadi kwenye luseni ni kuufanya huo mchanga uwe na kifua cha kushika maji na mbolea. Chakula chake cha mmea ni cha ziada.

Wakara hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Kisiwa cha Ukara kule Ukerewe ni kidogo, watu wengi, udongo mchanga, na wamelima mashamba yaleyale vizazi na vizazi. Ng'ombe walikuwa wanafungiwa ndani wanakatiwa majani, samadi inakusanywa kama hela, inabebwa shambani, na zaidi ya hapo wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, wanaufukia kwenye udongo. Babu yangu mzaa mama alikuwa anasema Mkara akikupa binti na samadi chagua samadi, alikuwa anatania (bibi alikuwa hacheki).

Sasa turudi kwenye elfu saba maana najua mnaisubiri. "Anko, Usagara kiroba wananipa elfu moja na mia tano." Ndio, na mi nanunua hukohuko. Unayopewa kwa bei hiyo ni mavi ya ng'ombe, samadi bado. Mimi nikishayaleta na Fuso nayarundika, nachanganya na majani makavu na pumba za mpunga, namwagilia, nafunika na turubai, baada ya wiki mbili tatu tunageuza na beleshi, tunamwagilia tena, tunafunika tena. Miezi mitatu. Rundo linapanda joto ukichomeka mkono unautoa mwenyewe. Lile joto ndo linaua mbegu za magugu na mayai ya wadudu. Mwisho tunachekecha, mawe na vijiti na misumari (misumari jamani, sijui ng'ombe wanakula wapi) vinatoka. Marundo matatu mabichi yanakuja kuwa rundo moja na nusu. Piga hesabu ya usafiri, ya vijana wawili, ya maji ya kununua wakati wa kiangazi, alafu uniambie elfu saba ni wizi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka kama nyie. Nilikuwa na oda ya miche ya mipapai 300, nikajaza viriba (vile vifuko vya miche) na samadi ya wiki tatu, juu ilikuwa nyeusi nzuri, ndani mbichi. Miche ikaota vizuri mpaka ikafika majani manne, alafu ikaanza kulala mmoja mmoja kutoka chini. Nilirudisha advansi ya mteja na hela nyingine nilikopa kwa shemeji. Tangu siku hiyo rundo halitoki hapa bila kupimwa, na nyie mnaweza kupima nyumbani. Chukua samadi yenye unyevu, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, funga siku mbili, fungua unuse. Ikikupiga puani kama choo cha stendi bado mbichi, ikinukia kama udongo baada ya mvua imeiva. Au mwagia mbegu za mchicha kwenye kikopo chake, zikiota zote zikasimama, panda.

Ila samadi ya ng'ombe mbichi ni afadhali. Kinachonitesa ni ya kuku. Watu wanafuga broila siku hizi kila mtaa, wakitoa kuku wanagawa maranda yaliyochanganyika na mavi bure, basi mtu anaona amepata. Mzee mmoja wa Igoma, shikamoo yake, alipakia toyo mbili akamwaga zote kwenye matuta ya chainizi na sukuma wiki siku ileile banda linasafishwa. Nzi walijaa mpaka majirani wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Chainizi ikaungua kwa sababu mavi ya kuku ni makali kuliko ya ng'ombe, yana naitrojeni mara mbili tatu na ile hewa yake ya amonia. Akayaondoa yale ya juu, akasubiri mwezi, akapanda tena, safari hii miche ikawa ya njano! Hapo ni maranda. Mbao mbichi ikianza kuoza udongoni wale wadudu wadogo wanachukua naitrojeni yote kwa ajili ya kuivunja, mmea unabaki kutazama. Mzee kaja kwangu kasema nimpe urea ya kuondoa unjano, na kwa kweli hapo urea ilikuwa sahihi, nilimpimia kidogo ikafanya kazi. Bure yake ilimgharimu mbegu mara mbili, mwezi mzima, na soda za kuwatuliza majirani. Kama una maranda ya kuku usitupe, niletee, au rundika mwenyewe miezi minne ufunike.

Na msidhani napiga vita dukani, hata mimi nauza NPK. Kuna gesti moja hapa mjini bogonvilia zao zilikuwa nzuri ajabu, kijani imeiva, majani kama sahani, maua hakuna mwaka mzima. Meneja kaniita anasema nimemuuzia miche dume. Hakuna bogonvilia dume bosi. Nikamuuliza mtunza bustani anaweka nini, akasema urea kila mwezi na maji kila siku asubuhi na jioni, yaani anaipenda kabisa. Naitrojeni kazi yake majani, mmea ukishiba hivyo hauna sababu ya kutoa maua, na bogonvilia hasa inataka jua na ishikwe kiu kidogo. Nikamwambia aache urea kabisa, apunguze maji, apogoe. Haikumgharimu chochote zaidi ya nauli yangu, baada ya miezi kama miwili ukuta ulikuwa mwekundu wote. Nyanya nazo ni hivyohivyo, ukiona mti umefika kifuani na matunda mawili usilaumu mbegu.

Kwahiyo kwa bustani ya nyumbani huku kwetu mi nafanya hivi. Samadi iliyoiva kwanza, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, ichanganywe na udongo usiiache juu tu. Kwenye ndoo na vyungu, udongo beleshi tatu samadi mbili, mchanga usiongeze maana tayari tunao. Mmea ukishashika, wiki tatu nne, ndo chumvichumvi inaingia kidogo kidogo, mbali na shina kama upana wa kiganja kama ni ardhini, unafukia, unamwagilia. Majani ya kukanyagia, yale ya pasipalamu, kilo moja ya urea kwa mita 100 za mraba inatosha kabisa, mwaga majani yakiwa makavu alafu mwagilia hapohapo, ukiiacha juani sehemu yake kubwa inaweza kupotea hewani. Usinunue ya kupimiwa ambayo huoni mfuko wake, maana SA, CAN (nazo ni mbolea za naitrojeni) na urea zote zikiwa kwenye kikaratasi ni punje tu zinazofanana, na kipimo ni tofauti.

Wenye viwanja Luchelele na Kayenze, mmekaribia ziwa, nawaomba chumvichumvi msiiguse karibu na maji. Sheria yenyewe ya mazingira inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ufukweni. Na mnaoniuliza kama magugu maji yanafaa kuwa mboji, yanafaa, ila ni maji matupu, toyo nzima ukianika inakuwa kilima cha kuku kulalia. Kausha, katakata, changanya na samadi.

Yule mama status aliifuta, hakuomba msamaha na mi sikudai. Juzi Jumamosi kaja mwenyewe na bajaji, anataka viroba viwili, anataka kwa elfu tano. Nikamwambia mama bei ni ileile. Akaangalia rundo, akachota akanusa, akasema hii imeiva. Nikamwongezea miche mitatu ya waridi nyekundu, nauli ya bajaji akalipa yeye.