Mwanangu, katika makanisa ya Bizanti anza na la Simeoni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika na huku wote wazima. Umesema mwaka huu mnasoma makanisa ya Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, basi mi nakukazania moja tu, Qal'at Sim'an, ndo hilo kanisa la Simeoni, kule Syria, kama kilomita 30 kaskazini magharibi ya Aleppo, maana miaka yote hii ya kujenga sijaona jengo lililonigusa kama hilo, na nimeliona kwenye picha tu.

Sasa sikiliza. Kulikuwa na mtawa anaitwa Simeoni, huyo alipanda juu ya nguzo akakaa hukohuko, jua lake mvua yake, miaka kama 36 hivi, anasali, anasikiliza shida za watu, chakula wanampandishia kwa ngazi. Waarabu, Waajemi, Waarmenia, wote walikuwa wanamiminika pale. Alipofariki mwaka 459 mwili ukapelekwa mji wa Antiokia, kwahiyo kilimani ikabaki nguzo tupu. Ndo wakaijengea kanisa! Ilikuwa enzi za Kaisari Zeno, mtawala wa Bizanti, aliyetawala 474 mpaka 491.

Hebu chora ramani yake uone. Nguzo katikati, inazungukwa na ukumbi wa pembe nane wenye matao makubwa, alafu mabasilika manne, yaani kumbi ndefu za kanisa, yanatoka pande nne yanafanya msalaba. La mashariki ndo la ibada, ukuta wake wa mwisho una vidaka vitatu vikubwa vya nusu duara, hayo mengine matatu ni ya mahujaji kupita na kukusanyika. Yaani nguzo haikusogezwa hata hatua, jengo zima ndo limeifuata. Na hapa kama fundi mi navua kofia, kwasababu kilele cha kilima hakikutosha, upande wa magharibi ardhi inashuka vibaya, mwingine angefupisha mkono mmoja wa msalaba akaondoka zake, wao wakapandisha kuta na matao kutoka chini mpaka wakapata kiwanja. Mawe ni ya chokaa, ya hapohapo. Na zile nguzo za ndani, kaangalie vichwa vyake, majani ya kuchongwa yamelala upande mmoja kama yanapigwa na upepo. Jiwe hilo mwanangu, jiwe!

Baadae matetemeko yakaliumiza, karne ya 10 Wabizanti wakalizungushia ngome, mahujaji nao kila mmoja anamega kipande cha nguzo anaenda nacho kwao, mpaka likabaki bonge moja tu juu ya kitako. UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia 2011, lakini vita vya Syria vikalifikia, mwaka 2016 likapigwa. Inaniuma sana.

Wataalamu bado wanabishana kama ule ukumbi wa kati ulikuwa na kuba la mbao au ulikuwa wazi. We mbane mwalimu wako, uliza zile kuta zingebebaje huo uzito, alafu uniandikie vizuri na mchoro.

Baba yako