Habari za utafiti wa afya zitueleze nini kilisawazishwa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya hutuletea mara kwa mara habari zinazoanza na "utafiti umebaini". Wapo wanaobadili chakula cha nyumbani kwa kuusoma, nami ni mmoja wao. Ndiyo maana naomba mtuambie pia watafiti walisawazisha mambo gani, yaani tofauti zipi kati ya watu waliziondoa kwenye ulinganisho, kabla ya kutoa hesabu zao.

Chukua kahawa na saratani ya mapafu. Tafiti nyingi za Ulaya na Marekani zimekuta wanywaji wakubwa wa kahawa huvuta sigara zaidi kuliko wengine. Ukihesabu vikombe peke yake, utaona kahawa inaleta saratani. Mtafiti makini huwalinganisha wavutaji kwa wavutaji na wasiovuta kwa wasiovuta, kisha ndani ya kila kundi hutazama nani anakunywa kahawa. Hufanya vivyo hivyo kwa umri, kipato na uzito. Tofauti ikitoweka, kahawa ilikuwa imebebeshwa dhambi ya sigara.

Lakini husawazishwa kile tu kilichopimwa. Dodoso likiuliza "unavuta au huvuti", mvutaji wa sigara moja kwa siku na yule anayemaliza pakiti huhesabiwa sawa. Vidonge vya beta-karotini, kirutubisho kilichomo kwenye karoti na mboga za majani, ni funzo chungu. Tafiti za awali, hata zilizozingatia sigara, zilionesha kuwa wenye beta-karotini nyingi mwilini hupata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Huko Finland wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa kidonge chenyewe na wengine cha bandia kisicho na beta-karotini. Matokeo yakatoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Yaelekea waliokula mboga kwa wingi walikuwa na mengine mema ambayo hakuna aliyeyapima.

Si kila mara shaka hushinda. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba wanaume waliotahiriwa hupata VVU kwa uchache. Wengi walisita, na walikuwa na haki: Waislamu hutahiriwa, na wengi wao hawanywi pombe, hivyo huenda kinga ilitokana na mwenendo wao, si tohara. Watafiti wakasawazisha dini, umri na idadi ya wapenzi, mabishano yakaendelea. Ndipo Desemba 2006 majaribio ya kugawa watu kwa bahati nasibu huko Kisumu, Kenya (wanaume 2,784) na Rakai, Uganda (4,996), yakasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa tohara ilikwisha kupunguza maambukizi kwa takriban nusu.

Kuna pia kusawazisha kupita kiasi, jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye magazeti yetu. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huleta kiharusi. Mtafiti akisawazisha shinikizo, ameifuta njia ambayo chumvi hupitia kumdhuru mtu, kisha atatangaza kwamba chumvi haina neno.

Sentensi mbili zingetosha katika kila habari: washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu au walifuatiliwa tu katika maisha yao, na ni tofauti gani kati yao zilizingatiwa. Taarifa kwa vyombo vya habari isiposema, mwandishi aifungue ripoti yenyewe. Mara nyingi jedwali la kwanza huonesha makundi yalivyotofautiana tangu mwanzo, nani alivuta, nani alisoma, nani alikuwa na uwezo.

Msomaji wenu,
Morogoro