Dawa ya kuacha jaba haiko, lakini njia iko

Mhariri,

Hapa Nakuru ukitaka kuliwa pesa haraka, sema tu uko na kijana ametekwa na jaba, yaani miraa na muguka, majani ya kutafuna, wauza dawa watakutafuta wenyewe. Dadangu aliuziwa chupa ya maji ya kahawia yananuka kitunguu saumu, akaambiwa kijana akimaliza atachukia muguka milele. Kijana alimaliza chupa yote, na shavu bado limejaa.

Watu waelewe, heroini iko na dawa, methadoni, hata hapa Kenya kuna kliniki zinaitoa. Lakini hivi vya kuchangamsha, kokeni, meth, hii miraa na muguka zetu, mpaka leo hakuna tembe iliyoidhinishwa ya kutibu uraibu wake. Daktari anaweza kukupa kitu cha usingizi, sawa, lakini hiyo si ya uraibu.

Chenye kimeonyesha matokeo mazuri zaidi, watu wakisikia wanacheka: ni kumpa mtu zawadi akiwa msafi. Anakuja kliniki kama mara mbili kwa wiki, anapimwa mkojo, ukiwa safi anapewa vocha hapo hapo, si mwisho wa mwezi, na akikaa safi mfululizo vocha inapanda, akiteleza hafukuzwi wala hatukanwi, anashushwa tu chini aanze kupanda tena. Marekani, hospitali za wanajeshi wastaafu zinafanya hivyo tangu 2011. Mtu ametekwa ukimwambia aache ndio ajenge nyumba miaka kumi ijayo hakusikii, lakini unga wa ugali wa leo jioni, wa hiyo vocha, anauona.

Ni kweli tafiti nyingi ni za kokeni na meth si za jaba, na zawadi zikiisha wengine hurudi, ndio maana inaendana na ushauri, mtu ajue saa yake ya hatari ni gani. Madereva wa malori pale Salgaa wanaijua yao, usiku wa manane, karanga mkononi na safari bado ni ndefu. Na siku za kwanza za kuacha jamaa atalala sana, atakula sana, atanuna, msimwite mvivu. Akianza kusema hataki kuishi, hapo hakuna kungoja, hospitali. Laini ya NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bure.

Najua wengine watauliza mbona mtu alipwe kuacha kitu wengine waliacha bure, hata kanisani nimeisikia hiyo. 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga muguka marufuku, siasa ikawaka nchi nzima, lakini mwenye kutafuna hakuna aliyemuuliza atasaidiwa vipi kuacha.

Kaunti ijaribu na kliniki moja tu, ya barabarani, ambapo madereva wanapita. Na afisa wa afya akijibu hii barua asituambie habari ya bajeti, bei ya pakiti ya unga sote tunaijua.

Dereva mstaafu,
Nakuru